Majilisi za Watunza Data: Kutoka Brussels hadi Gaborone

Wanaoandika tarehe ya elimu hupenda kusimulia habari za watu waliogundua mambo, na vyombo walivyovitumia, na vitabu walivyovitunga baada ya kugundua. Aghalabu huwapita kimya wale walioketi mezani wakashauriana namna ya kuandika kipimo katika daftari, nani akitunze, kwa muda gani, na nani apewe idhini ya kukisoma atakapokihitaji. Walakini kazi ya hawa ndiyo iliyoipa kazi ya wale umri mrefu, kwa kuwa kipimo kisichohifadhiwa hakimfai mtu isipokuwa yule aliyekipima, na akifa yeye hakimfai mtu yeyote. Muradi wa makala haya ni kufuata majilisi zilizowakutanisha watunzaji wa data za utafiti tangu katikati ya karne ya kumi na tisa, na kuonyesha kwamba kazi hii, ambayo leo watu wengi hudhani ni ya mitambo, tangu asili yake imekuwa kazi ya mapatano. Na mapatano huchukua sura ya waliohudhuria na kubeba upungufu wa waliokosekana.

Katika nusu ya kwanza ya karne ile alikuwapo luteni mmoja wa jeshi la majini la Marekani, jina lake Matthew Fontaine Maury, ambaye baada ya kuvunjika mguu alikosa kazi ya baharini akawekwa juu ya ghala la ramani na vyombo mjini Washington. Humo alikuta marundo ya daftari za safari ambazo manahodha walikuwa wamezikabidhi waliporejea, na hapana aliyezishughulikia tena. Maury alizifungua moja moja, akadondoa habari za upepo na za mikondo ya maji kwa kila mwezi na kila sehemu ya bahari, na kuanzia mwaka 1847 akachapisha ramani zilizomwonyesha nahodha njia ya kufupisha safari yake. Kisha akaweka sharti jema: nahodha atakayejaza daftari kwa utaratibu uliopangwa na kulirudisha, huyo atapewa ramani bila ya malipo. Kwa sharti hilo aliyetoa alipata, na aliyepata alikuwa na sababu ya kutoa tena, na ghala lililokuwa kaburi la karatasi likageuka kuwa hazina.

Lakini bahari si ya taifa moja, na daftari za taifa moja haziwezi kuienea. Mwaka 1853, kuanzia Agosti 23 hadi Septemba 8, wajumbe wa nchi kumi walikutana mjini Brussels chini ya uenyekiti wa Adolphe Quetelet, mwanatakwimu mashuhuri wa Ubelgiji, wakajadiliana juu ya jambo ambalo kwa asiyelijua lingeonekana dogo mno: safu za daftari la merikebu. Walijadili ni vyombo gani vitumike kupima joto na uzito wa hewa, ni saa zipi za kupima, na ni namna gani ya kuandika upepo ili daftari la Mholanzi na la Mrusi yaweze kulazwa ubavu kwa ubavu yakasomeka kama kazi ya mkono mmoja. Walipoagana, walikuwa wamekubaliana juu ya daftari la namna moja, na mkutano wao ukawa miongoni mwa mizizi ya ushirikiano wa mataifa katika elimu ya hali ya hewa.

Kati ya nchi hizo kumi, tisa zilikuwa za Ulaya na ya kumi ilikuwa Marekani. Wenyeji wa Bahari ya Hindi hawakuwamo, ijapokuwa elimu ya pepo za bahari hiyo ilikuwa imeandikwa kwa Kiarabu karne tatu na nusu kabla yake, pale Ahmad ibn Majid wa Julfar alipotunga kitabu chake kikubwa cha ubaharia kiasi cha mwaka 1490, na ijapokuwa manahodha wa Pwani, wa Hadhramaut na wa Ghuba walikuwa na rahamani zao walizorithishana. Yule aliyeijua kaskazi na kusi kwa uzoefu wa umri wake hakuulizwa safu gani ziwemo katika daftari. Upungufu huo haukuwa na ubaya wa nia, maana desturi ya zama zile haikuwafikiria watu hao kuwa wajumbe. Lakini utajirudia katika kila mlango wa tarehe hii, na kwa sababu hiyo inafaa uwekwe wazi tangu mwanzo.

Zikapita takriban karne moja na mikutano mingi ya namna hiyo, hata ukafika mwaka wa kimataifa wa elimu ya dunia na anga, ulioanza Julai 1, 1957 na kumalizika Desemba 31, 1958. Nchi 67 zilishiriki, nazo zilipima kwa pamoja nguvu za sumaku za dunia, mitetemeko ya ardhi, barafu ya ncha ya kusini, mikondo ya bahari na miali itokayo kwenye jua. Ulikuwa wakati wa vita baridi, ambapo Marekani na Urusi ya Kisovieti ziliogopana katika kila jambo. Hata hivyo wanazuoni wao walikuwa wamekaa katika mikutano ya maandalizi wakapatana kwamba kila kitakachopimwa kiwekwe katika vituo vya data vya dunia, kituo kimoja Marekani, kingine katika Muungano wa Kisovieti, na cha tatu kikigawanywa kati ya nchi za Ulaya Magharibi na nchi nyingine, na kwamba vituo hivyo vipelekeane nakala ili maafa yakiangamiza kimoja visiangamie vyote. Kanuni ya kuweka nakala mahali mbalimbali, ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta hufundishwa leo, ilikuwa imekwisha kuandikwa na watu waliokuwa wakihofia bomu la nyuklia.

Faida ya mapatano yale haikudhihirika mara moja. Katika mwezi Machi 1958 Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, na kipimo cha kwanza kilikaribia sehemu 313 katika kila sehemu milioni za hewa. Kipimo kimoja hakina maana kubwa, wala vipimo vya mwaka mmoja. Lakini vilipotunzwa mwaka baada ya mwaka, kwa chombo kilichosahihishwa kwa namna isiyobadilika, vilitoa ule mstari upandao ambao leo ni ushahidi ujulikanao kuliko wote wa kubadilika kwa tabia ya nchi. Mwaka 1966 baraza la kimataifa la vyama vya sayansi liliunda kamati ya data iitwayo CODATA, na tangu hapo mikutano ya watu wa data ikawa na kalenda yake, tofauti na ile ya watu wa fizikia au wa kemia.

Wanazuoni wa mambo ya jamii nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1962 vyuo vikuu kadhaa vya Marekani viliungana katika ushirika wenye makao yake Ann Arbor, jimbo la Michigan, ili kadi zilizotobolewa za kura za maoni na za uchaguzi zisitupwe baada ya profesa mmoja kumaliza kitabu chake. Na mwaka 1967 Uingereza ikaanzisha hazina kama hiyo katika Chuo Kikuu cha Essex. Mantiki yao ilikuwa ya uwekevu: kumhoji mwananchi ni ghali, na jibu alilotoa haliwezi kuulizwa tena kwa tarehe ile ile, basi ni israfu kulitumia mara moja tu.

Maadamu data zilikuwa karatasi na kadi, mtunzaji aliweza kujituliza kwa methali ya wazee kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, akaona kwamba yeye daftari analo na hana la kuhofu. Zilipohamia katika kanda za sumaku na diski, ikabainika kwamba daftari lenyewe laweza kupotea likiwa bado rafuni. Mwezi Julai 1969 watu walipoukanyaga mwezi kwa mara ya kwanza, ishara zilizotoka huko zilinaswa katika kanda. Miongo kadhaa baadaye kanda hizo zilipotafutwa kwa ajili ya picha bora kuliko zile zilizooneshwa katika televisheni, shirika la NASA lilikiri mwaka 2009 kwamba yamkini zilifutwa na kutumika tena, kwa kuwa kanda zilikuwa adimu na kazi ya kunasa ilikuwa kubwa. Uingereza nayo ikapata somo lake. Mwaka 1986, katika kuadhimisha miaka 900 ya kile kitabu cha sensa ya ardhi kilichoandikwa kwa amri ya mfalme William, shirika la BBC lilikusanya picha na maelezo ya nchi nzima, mengi yakiwa ya watoto wa shule, likayatia katika diski za leza zilizosomeka kwa mtambo wa namna ya pekee. Kabla ya miaka ishirini kutimia mitambo hiyo ilikuwa imeadimika, na mwaka 2002 ilibidi watafiti wa Leeds na Michigan waunde programu ya kuiga kompyuta iliyokufa ili diski ziweze kusomwa. Ilhali kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi, kilikuwa kinafunguliwa na kusomwa bila ya msaada wa mtambo wowote.

Hasara za namna hiyo ndizo zilizowakusanya watu. Wataalamu wa mashirika ya anga, ambao walikuwa na kanda nyingi kuliko wote na khofu kubwa kuliko wote, walianza katika miaka ya 1990 kuwaita wakutubi na watunza nyaraka katika warsha zao, wakatunga pamoja kielelezo cha hazina ya kudumu, kinachoeleza jinsi kitu kinavyopokelewa, kinavyowekwa, kinavyosimamiwa na kinavyotolewa kwa anayekitaka. Kielelezo hicho kilipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2003. Katika mwezi Februari 1996 wanazuoni waliokuwa wakisoma mpangilio wa vinasaba vya binadamu walikutana katika kisiwa cha Bermuda. Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa la mali: je, maabara iliyosoma kipande cha vinasaba yaweza kukificha mpaka itakapochuma faida? John Sulston wa Uingereza aliandika ubaoni mapendekezo ya kutoa kila kitu hadharani, na mkutano ukaafiki kwamba kipande kizidicho herufi elfu moja kitangazwe, ikiwezekana, ndani ya saa 24. Hapakuwa na bunge lililopitisha sheria hiyo. Walikuwa watu waliotazamana uso kwa uso, kila mmoja akijua kwamba mwenzake amesikia ahadi yake.

Jina la kazi hii kama fani yenye wataalamu wake lilianza kutajwa mjini London katika semina ya Oktoba 2001, iliyowakutanisha watu wa maktaba, wa nyaraka na wa sayansi zitumiazo kompyuta nyingi. Miaka mitatu baadaye, 2004, Uingereza ilianzisha kituo cha utunzaji wa data za kidijitali chenye makao yake Edinburgh, kikishirikiana na Glasgow, Bath na baraza la maabara kuu za utafiti. Na kituo hicho kiliitisha mkutano wake wa kwanza wa kimataifa mjini Bath mwishoni mwa Septemba 2005. Tangu hapo mkutano huo ukawa mwenye kusafiri. Ulikaa Glasgow, ukavuka bahari hadi Washington, ukarejea Edinburgh na London, ukaenda Chicago, Bristol, Amsterdam, San Francisco, Barcelona na Melbourne, na mwezi Februari 2020 ulikuwa Dublin, wiki chache kabla ya ulimwengu kufunga milango yake kwa ajili ya maradhi. Mwaka ule ule wa 2004 mkutano mwingine wa uhifadhi wa vitu vya kidijitali ulianzia Beijing, nao umekuwa ukihama bara hadi bara.

Asiyepata kuhudhuria mikutano hii hudhani kwamba watu husafiri mbali ili kusikiliza hotuba ambazo wangeweza kuzisoma nyumbani. Hotuba kuu zipo, na makala husomwa, na mabango hubandikwa ukutani huku mwenye bango akisimama pembeni kama mfanyabiashara karibu na bidhaa zake. Lakini kazi iliyo nzito hufanyika katika warsha za siku ya kwanza na katika mazungumzo ya mapumziko ya chai. Hapo mkutubi wa chuo kidogo humwuliza wa chuo kikubwa ni nani hulipa gharama za hazina baada ya fedha za mradi kwisha. Hapo mtaalamu wa nyota hugundua kwamba taabu aliyodhani ni yake peke yake, yaani mafaili yasiyo na maelezo ya aliyeyaandika na kipimo alichotumia, humsumbua vilevile mtaalamu wa lugha na daktari wa malaria. Na baada ya Januari 18, 2011, taasisi kuu ya sayansi ya Marekani ilipoanza kumtaka kila aombaye fedha aambatanishe mpango wa kusimamia data zake, mikutano hii ilipata kundi jipya: watu waliotumwa na vyuo vyao kwenda kujifunza namna ya kuandika mpango ambao hapo nyuma hawakuwahi kuombwa.

Hilo la mafaili yasiyo na maelezo, watu wa Pwani wanalo ushahidi wake wa kale. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki kiasi cha mwaka 1840, na tungo zake zilibaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa mji ule ule ndiye aliyezikusanya na kuziandika kwa herufi za Kiarabu katika miongo ya mwisho ya karne, akimsaidia mmisionari William Taylor, ambaye alizitia maelezo ya maneno na ya visa vilivyosababisha kila utungo. Yeyote aliyezisoma tungo zile anajua kwamba bila ya maelezo hayo nyingi zingekuwa fumbo tupu, kwa kuwa Muyaka alisema na watu wa mtaa wake juu ya mambo waliyoyajua, wala hakuwa na haja ya kuwaeleza. Mwalimu Sikujua alifanya kazi ambayo leo hufundishwa katika warsha: alikusanya, akanakili, na pamoja na mwenziwe akaacha habari za kumwezesha mgeni kufahamu. Karatasi hizo ziliishia katika maktaba ya chuo cha masomo ya Mashariki na Afrika cha London, pamoja na za wanazuoni wa Kiswahili Hichens na Alice Werner, na nyinginezo, na mwanzoni mwa karne hii zikaorodheshwa upya kwa mradi maalumu wa miswada ya Kiswahili. Dar es Salaam nayo ilipata hazina yake, ambayo orodha yake ilitungwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970, ikiwa na miswada na kanda za sauti. Kwa hiyo mjadala juu ya mahali pa kuweka data, na juu ya nani azifikie kwa urahisi, kwa msomaji wa Kiswahili si wa kinadharia. Mjukuu wa mtunzi aliyetaka kuona mwandiko wa babu yake kwa macho, kwa muda mrefu, ilimpasa kwanza apate viza.

Katika mwezi Machi 2013 mjini Gothenburg, nchi ya Sweden, ulizinduliwa muungano wa data za utafiti, uliosimamishwa kwa msaada wa serikali za Marekani na Australia pamoja na Tume ya Ulaya. Utaratibu wake ulikuwa wa namna ya kuvutia: mtu yeyote aweza kujiunga bila ya ada, na wanachama hukutana katika vikundi kazi vilivyopewa miezi kumi na minane hivi kutatua jambo moja mahsusi, kisha vivunjwe. Mwaka uliofuata, mwezi Januari 2014, kundi dogo la wanazuoni na wachapishaji lilijifungia mjini Leiden katika kituo kiitwacho Lorentz, likatoka na misingi minne ambayo ilichapishwa Machi 2016 kwa jina la FAIR: kwamba data zipatikane kwa anayezitafuta, zifikike kwa njia iliyo wazi, ziweze kuunganishwa na nyingine, na zifae kutumika tena. Kabla ya mwaka 2016 kwisha misingi hiyo ilikuwa inatajwa katika matamko ya serikali kubwa za dunia. Watu wachache katika chumba kimoja, kwa siku chache, walikuwa wameandika kipimo ambacho mtafiti wa Kilifi na wa Ifakara angeulizwa nacho kila atakapoomba fedha.

Na Kilifi na Ifakara hazikuwa zikingoja kufundishwa maana ya data. Mwaka 1998 vituo vya utafiti vinavyohesabu kwa kudumu vizazi, vifo na uhamiaji wa watu katika maeneo maalumu ya Afrika na Asia vilituma wajumbe wao Dar es Salaam, wakaunda mtandao uitwao INDEPTH, ambao makao yake yaliwekwa Accra. Ifakara ilikuwa imeanza hesabu zake tangu 1996, na Kilifi ikaanza mwaka 2000. Nyumba kwa nyumba, mwaka kwa mwaka, wahesabuji waliuliza nani amezaliwa na nani ametangulia mbele ya haki. Mtandao huo ulikabili mapema kuliko wengi swali ambalo Leiden haikuligusa kwa kina: kama mtafiti wa mbali anaweza kuzipakua hesabu hizo kwa dakika moja na kuziandikia makala kabla ya waliozikusanya kupata nafasi ya kuketi na kuandika, je, uwazi huo ni haki au ni mavuno ya shamba la mwenzio? Mwaka 2008 ulimwengu wa vituo vya data ulirejea tena katika pwani yetu, pale mkutano mkuu wa baraza la vyama vya sayansi uliokaa Maputo ulipoazimia kuvikusanya vile vituo vya mwaka 1957 katika mfumo mmoja mpya.

Lakini mkutano ulioliweka swali lile mbele ya macho ya wote ulikuwa wa Gaborone. Kuanzia Novemba 5 hadi 8, 2018, juma la kimataifa la data lilikaa katika mji mkuu wa Botswana, na muungano uliozinduliwa Gothenburg ukafanya huko mkutano wake mkuu wa kumi na mbili, wa kwanza katika bara la Afrika. Mwaka mmoja kabla yake Wasani wa Afrika Kusini walikuwa wametangaza kanuni zao za maadili ya utafiti, baada ya kuchoshwa na wageni waliochukua vipimo vya miili yao na habari za dawa zao na kwenda. Ndani ya juma lile, Novemba 8, wenyeji wa asili kutoka New Zealand, Australia, Marekani na kwingineko walikaa katika warsha pamoja na wenyeji wao wa Afrika, wakatunga misingi iliyotolewa mwaka uliofuata kwa jina la CARE: kwamba data zilete manufaa kwa jamii nzima zilikotoka, kwamba jamii hiyo iwe na mamlaka juu yake, kwamba anayezitumia abebe dhima, na kwamba maadili yatangulie. Misingi ya Leiden ilikuwa imeuliza kama data zinasomeka. Ya Gaborone iliuliza zinamfaa nani. Hapana haja ya kuamini kwamba watu wa Leiden walikuwa wabaya na wa Gaborone wema. Kilichotofautiana kilikuwa orodha ya waliohudhuria, na orodha iliyobadilika ilibadilisha maswali.

Miezi kumi na sita baadaye ugonjwa wa korona uliifunga mikutano yote. Mkutano mkuu wa muungano ule uliokuwa ukaliwe Melbourne Machi 2020 ulihamishiwa katika intaneti, na kwa mara ya kwanza mtunza data wa Mwanza au Bujumbura alihudhuria bila ya tiketi ya ndege, bila ya barua ya mwaliko, na bila ya kupanga foleni mbele ya ubalozi. Ilikuwa faida kubwa, na mikutano kadhaa imeihifadhi hata baada ya maradhi kupungua. Hata hivyo yale mazungumzo ya chai hayakuhamia katika kioo cha kompyuta kwa ukamilifu wake, na aliyehudhuria kwa kioo alisikia hotuba zote akakosa ile pembe ambamo vikundi kazi vya mwaka ujao huanza kunong'onwa. Kuhudhuria kwa mbali kumewapa wengi masikio. Sauti bado huongezeka kwa aliyeko ukumbini.

Waswahili hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa nguvu ya ukumbi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuusimamia uamuzi huo. Waliokaa katika Kamati hapo mwanzo walikuwa maofisa wa serikali za kikoloni na wamisionari. Wenye lugha waliingia baadaye, wakakuta tahajia imekwisha kupangwa na kamusi imekwisha kuanzwa. Wengi wao walifanya kazi tukufu, na lugha ikanawiri mikononi mwao. Lakini hadi leo mwandishi wa Mvita au wa Amu akitaka kuandika sauti ya kwao hukuta herufi haitoshi, na hana wa kumlalamikia, kwa sababu waliokubaliana walikwisha kuondoka.

Sasa Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, Rwanda tangu 2021 na Tanzania tangu 2022, na vyuo vyetu vinaanza kuajiri watu ambao kazi yao ni kutunza data za watafiti. Hazina zinajengwa, na seva zinanunuliwa. Katika matumizi hayo yote, fungu la kumpeleka mtunza data mkutanoni ndilo la kwanza kukatwa fedha zipunguapo, kwa dhana kwamba ni matembezi. Au hubakizwa, kisha akapelekwa mkubwa wa idara asiyepata kufungua faili la data maishani mwake. Tarehe tuliyoipitia inaonyesha makosa ya desturi hiyo. Safu za daftari la bahari, saa 24 za Bermuda, misingi minne ya Leiden na minne ya Gaborone, zote ziliamuliwa na watu waliokuwapo siku ile, nazo huwafunga hata ambao hawakuwapo. Basi inapasa aende yule anayejua kwa mikono yake kwa nini daftari la zahanati ya kijijini halina tarehe za kuzaliwa zilizo kamili, na kwa nini kanda ya mghani mkongwe haiwezi kuachiwa kila mtu. Aende mapema, katika warsha ya siku ya kwanza, kabla ya kikundi kazi kupata mwenyekiti na kabla ya maneno ya azimio kuandikwa. Akifika baada ya hapo atakuwa mgeni wa kanuni ambayo angeweza kuwa mmoja wa waasisi wake.